Betri Iliyogeuzwa

Omwenga alijua jambo moja kuhusu ile Bedford ambalo fundi hakulijua, na Jumatano ile asubuhi aliamua kulikalia kimya. Alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda nyuma ya duka la Mukesh mjini Nyamira, akimenya ndizi, huku fundi mwenyewe, Ochanda, amelala chali chini ya dashibodi, miguu imetokeza nje ya mlango.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Katika magari karibu yote unayoyaona barabarani, upande wa betri unaofungwa kwenye bodi ya gari ni ule wa hasi. Bedford ya Mukesh, lori la mizigo, ilikuwa ya enzi za marehemu baba yake, na walioiunda waliona vyema kufunga chanya kwenye bodi. Taa ziliwaka, honi ililia, na hakuna aliyelalamika, maana balbu haijali umeme unaingilia mlango gani. Betri ilikaa kwenye sanduku chini ya kiti cha dereva, juu yake gunia, juu ya gunia Omwenga. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiifungua na kuifunga kwa mikono yake mwenyewe, na wengine wote waliolijua jambo hilo walikwisha kufa au walikwisha kwenda Nairobi, ambako ni karibu sawa.

"Mzee," Ochanda aliuliza kutoka chini, "hii gari iko na shida yoyote ya stima?"

"Hii?" Omwenga alisema. "Haijawahi kunisumbua."

Hakuwa amesema uongo. Alimenya ndizi nyingine.

Redio zilikuwa wazo la Urvish, mtoto wa Mukesh, aliyerudi kutoka Nairobi na cheti cha biashara na imani kwamba mzigo usiojulikana uko wapi ni hasara. Alinunua redio kol tatu, zile ndogo za kuitana, zenye maiki ya kubonyeza. Moja iliwekwa kaunta ya duka, ya pili ilikuwa ya lori, na ya tatu ya pikapu yake mwenyewe. Kuanzia sasa, alisema, angekuwa akijua saa yoyote Bedford iko Ikonge au Nyaramba au imesimama. Neno hilo la kusimama ndilo lililomchoma Omwenga, kwa sababu kila Alhamisi alikuwa akisimama.

Kabla tu ya kushuka Nyaramba, barabara hupanda kilima kitupu kisicho na mti wala mchai. Ukiwa pale juu unaona ng'ambo ya bonde miji ya watu, kila familia na boma lake, na mmoja kati ya hiyo una nyumba ya mabati mapya na kamba ya kuanikia nguo. Ndani ya nyumba hiyo aliishi Mokeira, kifungua mimba wa Omwenga. Miaka miwili nyuma alikuwa ameondoka na Momanyi, seremala wa Nyaramba, ambaye vitanda vyake Omwenga mwenyewe alivisifu, lakini hiyo ilikuwa kabla.

Momanyi hakutuma mtu. Hilo ndilo lilikuwa kosa, wala si jingine. Kijana akimtaka binti wa watu hutafuta esigani, mtu wa kati, naye huyo huja kwa miguu yake, hukaa, na husema ametumwa na nani. Baba yake Omwenga, kila alipofikiwa na esigani kwa ajili ya mabinti zake, alijifanya kiziwi mara ya kwanza, kwa sababu mtu aliyetumwa kweli hachoki kurudia. Omwenga alikuwa amejiandaa kwa ukiziwi huo tangu Mokeira akiwa darasa la sita. Hakuna aliyekuja. Aliamka asubuhi moja akakuta kitanda kitupu, tena kitanda alichokitengeneza Momanyi. Akaapa mbele ya kanisa zima kwamba hatakanyaga mji ule wala kutaja jina la binti huyo mpaka mtu atumwe.

Kiapo kilikuwa cha kukanyaga na kutaja. Kutazama hakikukugusa. Kwa hiyo kila Alhamisi alizima injini pale kilimani, akala ndizi zake, akamtazama mwanamke mdogo wa ng'ambo akianika nguo, mpaka nusu saa ikaisha. Hakuna mtu aliyejua, hata mkewe, ambaye naye kila mwezi alikwenda "mkutano wa akina mama" upande huohuo akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Omwenga hakuwa amemuuliza mkutano gani unaohitaji mkungu mzima.

Ochanda alikuwa na taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili. Aligusisha waya mmoja kwenye bodi, mwingine kwenye waya wa swichi, balbu ikawaka vizuri.

"Hapa iko moto," alisema kwa kuridhika.

Omwenga aliitazama ile balbu ikiwaka, akatazama pembeni. Mpango wake ulikuwa mdogo na wa kiungwana. Redio ingefungwa kinyume, fyuzi ya kioo iliyokuja nayo kwenye waya mwekundu ingekatika kwa mlio kama wa kiberiti, na kila mtu angesema vitu vya kisasa haviingii kwenye gari la zamani. Angebaki na nusu saa yake. Hakuna mtu wala kitu ambacho kingeumia.

Ambalo hakulijua ni kwamba fyuzi haikuwepo. Ilikuwa imepasuka Ochanda alipoikalia wakati wa chai, na Ochanda akafanya ambalo mafundi wote wa stendi walifanya siku hizo. Alichukua ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, akaikunja mara tatu, akaipachika mahali pa fyuzi. Magari mengi ya Kisii na Nyamira yalikuwa yakienda kwa karatasi hiyo na neema ya Mungu. Ila karatasi iliyokunjwa mara tatu haikatiki. Inapitisha kila kinachokuja.

Waya mwekundu aliuunga kwenye swichi, mweusi akaukaza kwenye bodi kwa nati. Akajifuta mikono, akazungusha kile kitufe cha kuwashia. Redio ilitoa sauti moja fupi, kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi, kisha ukatoka moshi mzito mweupe. Moshi uliufuata waya ukaingia nyuma ya dashibodi. Huko ndani nyaya za umri wa miaka thelathini zilianza kuungua moja baada ya nyingine bila haraka.

Omwenga alirusha ndizi. Hakuwa amekimbia namna ile tangu ujana. Aliling'oa gunia, akafungua sanduku, akavuta kichwa cha betri kwa vidole, kikamchoma, na moto ukakosa chakula. Urvish alitoka dukani, akaona, akashika kichwa.

"Fundi, umechoma lori," alisema.

"Ndiyo," Ochanda alijibu.

Alhamisi hiyo Bedford haikwenda popote. Ochanda alikuja saa kumi na mbili asubuhi na furushi la nyaya, akaanza kuzibadilisha zilizoungua, asile wala asinywe. Alikuwa mtu wa Kendu Bay, na mji ule ulikuwa umempokea kwa sifa moja tu: kwamba katika miaka tisa hajawahi kuunguza kitu cha mtu. Kufikia saa nne sifa hiyo ilikuwa imekwisha. Makanga wa matatu walipita nyuma ya duka kwa zamu kuja kuangalia, kila mmoja akisema pole kwa namna ya mtu atakayekwenda kusimulia. Mwenye teksi mmoja aliyekuwa amemwachia Ochanda dainamo alikuja kuichukua, akasema amekumbuka kwamba haikuwa mbovu.

Omwenga alikaa kwenye kreti yake na vidole vilivyofungwa kitambaa. Saa saba ilifika, saa ambayo angekuwa kilimani. Saa saba na nusu ikapita. Ilikuwa Alhamisi ya kwanza kuikosa kwa miaka miwili, na aliyemkosesha alikuwa yeye mwenyewe.

"Mzee, si kuchoma kunaniuma," Ochanda alisema ghafla, akiwa bado amelala chini. "Kila fundi huchoma. Inaniuma kwa sababu sijui kosa langu. Nimepima, ikawaka. Nimefunga, ikaungua. Kama sijui kosa, kesho nitachoma ya mwingine. Afadhali nirudi nyumbani nikavue samaki, na mimi samaki hata sipendi."

Omwenga aliona aibu, na haikuwa aibu ndogo. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, watu husema, lakini hawasemi lolote kuhusu ulimi uliokaa tu mdomoni ukitafuna ndizi. Akainuka.

"Toka huko chini," alisema. "Twende kwa Mukesh."

Mukesh alikuwa nyuma ya kaunta akipima misumari. Alizaliwa Kisii, akakulia Nyamira, akazungumza Ekegusii, lugha ya huko, vizuri kiasi cha kuwakosoa watoto wa pale. Goti lake bovu lilimfanya asitoke nyuma ya kaunta ila kwa sababu nzito. Aliwatazama wote wawili wakisimama mbele yake.

"Ile gari, chanya iko kwa bodi," Omwenga alisema. "Tangu ya marehemu mzee. Nilijua. Nikanyamaza."

Ochanda alimgeukia polepole. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hata pale haki ilipomgharimu, akageukia Mukesh.

"Lakini fyuzi ingekuwepo, redio haingekufa," alisema. "Fyuzi niliikalia. Nikaweka karatasi ya sigara."

"Kwa hivyo," Mukesh alisema, "kuchoma redio moja imehitaji watu wawili."

"Ndiyo," walisema.

"Omwenga, kwa nini?"

"Sikutaka redio."

"Kwa nini?"

"Hiyo ni yangu."

Mukesh alimimina misumari kwenye mfuko wa karatasi. Baba yake ndiye aliyemwajiri Omwenga, na katika miaka kumi na tisa hakuwa amesikia akijibu hivyo.

"Sawa," alisema. "Redio ya Urvish itatoka kwa pikapu iingie kwa lori. Na wewe utasimama hapo na fundi, umwambie kila kitu hiyo gari inaficha. Na hao watu wa stendi, wewe mwenyewe utaenda kuwaambia ni nani alichoma."

Urvish aliona uso wa baba yake, akaenda kuifungua redio ya pikapu.

Omwenga alikwenda stendi akasema. Makanga walimsikiliza vizuri, wakacheka vizuri, na jioni hiyohiyo mwenye teksi alirudisha dainamo, kwa kuwa alikuwa amekumbuka kwamba ni mbovu kweli. Ijumaa kutwa Omwenga alishika tochi. Ochanda aliigeuza betri, hasi ikaenda kwenye bodi na chanya ikaenda kazini. Akabadilisha nyaya za mita ya chaji ili sindano isidanganye. Akaigusisha dainamo waya wa chanya mara moja, cheche ikaruka, na tangu hapo ikajua upande mpya. Safari hii hakuomba umeme kwa swichi. Alipeleka nyaya zote mbili za redio moja kwa moja mpaka kwenye betri, kila moja na fyuzi yake halisi ya kioo, akazifunga kwa utepe mweusi kama mama anavyofunga mtoto wa kwanza. Omwenga alimtajia hata waya wa honi uliokuwa ukiguswa na mvua. Ochanda hakumlaumu tena, ila mara moja tu alisema, bila kugeuka, "Mzee, siku ingine ukijua kitu, kohoa."

Redio iliwaka. Sauti ya Urvish ilisikika utadhani ameketi kitini.

Tumaini la mwisho la Omwenga lilikuwa milima yenyewe. Alhamisi iliyofuata aliondoka na mzigo, na alipofika bonde la kwanza sauti ya Urvish ikakwaruza ikafa. Ikonge hakusikia kitu ila mvumo. Alishusha sukari na mafuta ya taa akiwa na moyo mwepesi, akapanda barabara ya Nyaramba, akafika kilimani pake, akazima injini, akatoa ndizi. Mahali pamoja tu katika safari nzima redio ile ilisikika kama kengele ya kanisa, na mahali hapo palikuwa hapo juu, kwenye kilima kisicho na mti.

"Bedford, Bedford. Uko wapi?"

Omwenga aliitazama redio. Ng'ambo, Mokeira alikuwa ametoka na beseni. Angeweza kusema tairi imepasuka. Angeweza kusema injini imechemka. Lakini alikuwa amekwisha kunyamaza mara moja na akaona kimya kilivyounguza, na vidole vyake bado vilikuwa na ngozi mpya. Akabonyeza maiki.

"Niko kilimani, kabla ya Nyaramba. Nimesimama."

"Kuna shida?"

"Hakuna."

"Sasa unafanya nini hapo?"

Omwenga aliitazama tena kamba ya nguo ng'ambo.

"Naangalia nyumba ya Mokeira," alisema. "Nikimaliza nitashuka."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo kwa miaka miwili. Omwenga alimaliza nusu saa yake, akashuka, akashusha mzigo wa Nyaramba, akarudi.

Aliporudi ndipo alipokumbuka kwamba Alhamisi ni siku ya soko Nyamira. Redio ya kaunta ilikuwa imefunguliwa sauti mpaka mwisho, kwa kuwa Urvish aliipenda, na watu walikuwa wakiingia kununua kiberiti kimoja ili wasikilize. Duka lilikuwa limejaa, wakiwemo akina mama watano wa Nyaramba waliokuja kununua chumvi. Wote walimsalimu kwa adabu isiyo ya kawaida. Ochanda naye alikuwepo, amekuja kusikiliza kazi yake.

"Mzee, ulisikika safi sana," alimwambia, kisha akatamani asingesema.

Wiki hiyo Omwenga hakulala vizuri. Alikuwa amevunja kiapo chake mbele ya soko zima, tena kwa hiari, kwa mashine ambayo alikuwa amejaribu kuiua. Mkewe, ambaye habari zilimfikia kabla ya lori, alimpikia ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji siku isiyo ya kuku. Hilo lilimtisha zaidi. Alhamisi ya tatu aliwaza kupita kilimani bila kusimama. Mguu ukakataa. Akazima injini, akatoa ndizi, asiile.

"Omwenga."

Haikuwa sauti ya Urvish. Ilikuwa ya Mukesh, ambaye alikuwa ameapa hatagusa kitu kile.

"Naam."

"Ni mimi. Niko hapa dukani na watu. Nimetumwa."

Omwenga aliweka ndizi juu ya dashibodi.

"Umetumwa na nani?"

"Na Momanyi. Yuko hapa mbele yangu, ameshika kofia kwa mikono miwili. Anasema alikosea, alikuwa na woga. Anasema akija mwenyewe kwako utamfukuza, na wazee wake wameona aibu ya kuchelewa. Akina mama wa chumvi wamemleta mpaka kwa kaunta. Ameniomba mimi."

"Esigani hutembea kwa miguu," Omwenga alisema.

"Mimi niko na goti. Na Jumapili Urvish atanileta kwako na pikapu, nitakaa, nitakula, utaniuliza yote. Leo natangulia tu. Umesikia?"

Omwenga alijiuliza kama baba yake angemkubali esigani Mhindu aliyekuja kwa redio. Akaona kwamba baba yake angeanza kwa kukataa, na kwamba hata hivyo angekubali.

"Kuna neno lingine," Mukesh aliendelea, na sauti yake ikashuka kidogo. "Hili si la Momanyi. Ni la Mokeira mwenyewe, amempa bwana yake alete. Nalisema vile amelisema. Anamuuliza baba yake: Tata, ile Alhamisi lori haikukuja, ulikuwa mgonjwa?"

Omwenga alitazama ng'ambo. Kwa miaka miwili alikuwa ameegesha lori la buluu, refu kama nyumba, juu ya kilima kisicho na hata kichaka, akiamini amejificha. Mokeira alikuwa amesimama uani kando ya kamba yake. Hakuwa na beseni. Hakukuwa na nguo yoyote ya kuanika. Alikuwa ametazama juu, moja kwa moja, na Omwenga akafahamu kwamba hata zile Alhamisi nyingine zote hapakuwa na nguo nyingi hivyo za kufuliwa katika nyumba ya watu wawili.

Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, kwa kuwa redio haionyeshi uso. Akashika maiki. Ndani ya redio hakukuwa na mkwaruzo wala mvumo. Ochanda alikuwa ameifunga vizuri mno.

"Mukesh," alisema.

"Naam."

"Sikusikia. Rudia."

Dukani, Mukesh alivuta pumzi, akaisogeza maiki karibu na mdomo, akaanza upya tangu mwanzo, kwamba ametumwa na ni nani aliyemtuma, bila kuchoka.